Kadi Iko Majita, Mwenye Kadi Yuko Ukerewe

Wadau, kwanza niwieni radhi kwa kuadimika. Mwandishi wa mikoani anaandika habari, anapiga picha, anajilipia nauli na kungoja arudishiwe mwisho wa mwezi (akirudishiwa!). Muda wa kukaa na kufikiri unabaki mdogo. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu Oktoba 2025, na leo nimeamua kulitua.

Tarehe 28 Oktoba 2025 nilipanda meli hapa Mwanza kwenda Nansio, Ukerewe. Mhariri alitaka mtu wa kuandika uchaguzi wa visiwani, na kijana asiye na mke wala mtoto ndiye hutumwa kwanza. Mfukoni nilikuwa na vitu viwili, kitambulisho cha kazi na kadi ya mpiga kura. Kadi inasema nimeandikishwa Nyamagana. Kazi ilisema kesho yake niwe Ukerewe. Na sheria yetu inasema mtu anapiga kura kwenye kituo alichoandikishwa, siku hiyo moja, akiwa pale yeye mwenyewe.

Basi siku ya tarehe 29 nilizunguka vituoni na daftari langu. Niliandika kituo hiki kimefunguliwa saa ngapi, bibi yule amesaidiwa na nani, foleni ina watu wangapi. Mimi mwenyewe sikupiga. Nilikuwa kama mpishi wa harusi anayerudi nyumbani na njaa.

Alasiri nikateremka kwenye mwalo mmoja kutafuta neno la wavuvi. Nikamkuta kijana wa rika langu anageuza dagaa juani. Nikamuuliza kama ameshapiga kura. Akacheka.

"Kaka mwandishi, kadi yangu ni ya Majita."

"Sasa mbona hukwenda?"

"Niende na nini? Nipande mpaka Rugezi, nivuke Kisorya, nitafute gari la Bunda, nitafute tena la kwenda kwetu. Siku mbili kwenda na kurudi. Tajiri ananingoja mimi au anaweka mtu mwingine kwenye mtumbwi? Na usiku tunaingia ziwani."

Nikamuuliza hiyo kadi anaitunza ya nini. Akaniambia inamsaidia sana, anaionyesha akikopa, akisafiri, akitaka huduma inayohitaji kitambulisho. Nikasimama pale nikawaza: hii ni kadi ya kupigia kura inayofanya kila kazi isipokuwa kupigia kura.

Kwa wasomaji wa Dar ambao dagaa wanamjua akiwa kwenye sahani tu, nieleze kidogo. Dagaa wa Ziwa Victoria anavuliwa usiku, kwa taa, na anavuliwa vizuri kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, samaki hawakusanyiki, wavuvi wanapumzika, wengine ndipo wanapokwenda makwao kuona familia. Kwa hiyo kalenda ya mvuvi wa dagaa ni mwezi ulioko juu. Nimekwenda kuangalia. Tarehe 25 Oktoba 2015 ilikuwa siku mbili kabla ya mwezi mpevu. Tarehe 28 Oktoba 2020 ilikuwa siku tatu kabla. Chaguzi zile mbili ziliangukia mapumziko ya ziwa, kwa bahati tu. Tarehe 29 Oktoba 2025 mwezi ulikuwa nusu, unazama karibu na usiku wa manane, na baada ya hapo ni giza la kazi. Hakuna aliyepanga hivyo kwa ubaya. Lakini pia hakuna aliyekumbuka kuuliza.

Na mvuvi hayuko peke yake. Wahesabuni wenzake. Mama wa Kirumba Mwaloni anayefuata dagaa visiwani. Dereva na kondakta waliotoka stendi ya Nyegezi alfajiri kwenda Dar. Mchimbaji mdogo mwenye kadi ya Misungwi ambaye mwaka huu yuko kwenye shimo Geita. Baharia wa meli. Muuguzi aliyehamishiwa wilaya nyingine. Mwanafunzi. Askari aliyepelekwa kulinda kituo cha wenzake. Ukitazama utaratibu wetu, unaona ulimfikiria mtu mmoja tu, yule anayelala na kuamka kwenye kitongoji kile kile mwaka mzima. Kanda yetu hii ya ziwa mtu wa namna hiyo yupo, lakini jirani yake kasafiri.

Najua mtakachosema: si angehamisha taarifa zake? Kweli, nafasi ipo. Mkoani Mwanza uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ulifanyika Agosti 2024, kwa siku saba. Mwaka 2025 ikaja awamu ya pili, nayo ya siku chache. Sasa mvuvi anafuata samaki. Agosti yuko Kome, Desemba yuko Goziba, Machi karudi Ukerewe. Akihamisha kadi kila anapohama, atakuwa mtumishi wa Daftari. Na hata akihamisha Agosti 2024, nani anajua Oktoba ya mwaka unaofuata samaki watakuwa wapi?

Wasomi wenzangu wasidhani haya ni ya wavuvi peke yao. Kaka na dada zetu waliokuwa vyuoni mwaka 2010 wanakumbuka. Wengi walikuwa wamejiandikisha vyuoni. Ilipofika siku ya kupiga kura, tarehe 31 Oktoba 2010, vyuo vilikuwa havijafunguliwa. Kadi ya Mlimani, mtu yuko kwao Tarime. Kelele zilipigwa sana wakati ule, upinzani ukadai imefanywa makusudi kuzima kura za vijana, serikali ikakanusha. Tuache nia za watu. Tukitazama utaratibu wenyewe tunaona kwamba tarehe ya kufungua chuo ilitosha kuwafuta wapiga kura, bila mtu kugusa jina hata moja kwenye Daftari.

Nilivyorudi Mwanza nikaanza kusoma wenzetu wanafanyaje. Nikajikuta nimezama kwenye habari za Wamarekani weusi, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ya kupiga kura na yenyewe ni siasa.

Marekani wanapiga kura Jumanne. Sheria hiyo ni ya mwaka 1845, na inasemwa ilimfikiria mkulima mwenye farasi: Jumapili yuko kanisani, Jumatatu anasafiri, Jumanne anapiga kura, Jumatano yuko sokoni. Mkulima mwenye farasi akapungua, Jumanne ikabaki. Aliyeumia ni mfanyakazi wa zamu, mpishi, mfagizi, dereva wa basi, na katika miji mingi ya kule watu hao ni weusi kwa wingi. Majimbo yalipoanza kuruhusu kura ya mapema, yaani kwenda kituoni siku kadhaa au wiki kadhaa kabla, weusi waliishika kwa mikono miwili. Makanisa yao yakaanza desturi: ibada ya Jumapili ikiisha, watu wanapakiwa kwenye mabasi moja kwa moja mpaka kituoni. Mwaka 2008, Barack Obama alipogombea, foleni za weusi kwenye kura ya mapema zilikuwa gumzo kwenye majimbo ya kusini kama Georgia na North Carolina.

Halafu nini kikafuata? Mwaka 2011 bunge la Florida lilipunguza siku za kura ya mapema kutoka 14 hadi 8, na likaiondoa Jumapili ya mwisho, ile ya mabasi ya kanisa. Mwaka 2012 watu wakakesha kwenye foleni Miami, na mwaka 2013 jimbo likalegeza tena. Mwaka huo huo 2013 North Carolina nayo ikapunguza siku zake kutoka 17 hadi 10. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaitupa sheria hiyo, baada ya kuona kwamba watunga sheria waliomba kwanza takwimu za jinsi weusi wanavyopiga kura, kisha wakakata kile kile ambacho weusi wanakitumia. Someni tena hapo. Waliacha haki ya kura kwenye karatasi, wakachukua Jumapili.

Na kura ya posta? Hii nayo ina somo. Kwa miaka mingi weusi waliitumia kidogo kuliko wazungu. Mzee ambaye wazazi wake walizuiwa kupiga kura anataka aione karatasi yake ikiingia kwa mkono wake mwenyewe, hamwamini mtu wa katikati. Na hofu hiyo ina msingi, maana katika majimbo kama Georgia na Florida kura za posta za weusi zimekuwa zikikataliwa mara nyingi zaidi, sahihi haikufanana, bahasha ina kasoro. Korona ilipokuja mwaka 2020 wengi walilazimika kuitumia posta. Mwaka 2021 Georgia ikabana masanduku ya kudondoshea kura hizo, na ikafanya kuwa kosa kumgawia maji mtu aliye kwenye foleni ya kituo. Chaguzi zilizofuata wengi wakarudi kwenye njia yao ya zamani, kwenda kituoni wenyewe, mapema.

Ninachojifunza ni kwamba wenzetu wale wanachagua njia ya kupiga kura kwa kipimo cha kumwamini atakayeishika karatasi. Wepesi wa njia unafuata baadaye.

Sasa turudi nyumbani, maana kuna watu wanadhani kura ya mapema ni mambo ya Ulaya na Marekani. Ipo hapa hapa! Zanzibar wanayo kwa Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2018, na ilitumika tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya wengine, kisha tena tarehe 28 Oktoba 2025. Siku ile nilipokuwa kwenye meli na kadi yangu ya Nyamagana, Unguja na Pemba watu walikuwa wanapiga kura ya mapema. Akina nani? Watendaji wa uchaguzi, askari, na watumishi wengine watakaokuwa kazini kesho yake.

Sina ugomvi na askari kupiga kura, ni raia kama mimi. Nauliza tu: kwa nini orodha inaishia pale? Sababu iliyotolewa ni kwamba kazi itawazuia kuwa kituoni kwao siku ya uchaguzi. Vizuri. Mvuvi naye kazi inamzuia. Mwandishi naye. Kondakta naye. Ghana wana siku maalumu kwa ajili ya walinzi, maofisa wa uchaguzi na waandishi wa habari. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 2 Desemba, uchaguzi wenyewe tarehe 7. Afrika Kusini wana kura maalumu, na mwaka 2024 ilikuwa tarehe 27 na 28 Mei, siku mbili kabla ya uchaguzi, na maofisa wanamfuata mgonjwa na kikongwe nyumbani kwake. Majirani zetu Wakenya wanaoishi Tanzania wamekuwa na vituo vya kumchagulia rais wao hapa hapa nchini tangu mwaka 2013. Hebu lifikirieni hilo. Mkenya anaweza kumpigia kura rais wa Kenya akiwa Tanzania, ila Mjita hawezi kumpigia kura rais wa Tanzania akiwa Ukerewe.

Wala msiniambie ni gharama au haiwezekani kiufundi. Baada ya Mahakama Kuu mwaka 2022 kukiondoa kifungu kilichowanyima wafungwa haki hiyo, Tume iliweka vituo vya kuandikisha mpaka magerezani. Ni jambo jema, nalipongeza. Lakini kama karatasi inaweza kuvuka ukuta wa gereza, inashindwaje kuvuka ghuba?

Kura ya posta kwetu siipendekezi. Wengi wetu hatuna sanduku la posta, tunatumia la shule, la parokia, la halmashauri, la shemeji. Vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa mwaka 2022 vipo, lakini kambi ya wavuvi haina namba ya nyumba, leo ipo kesho imehama. Na tumeshaona weusi wa Marekani walivyoishuku posta yao, iliyo na miaka mingi ya kazi. Yetu ni kituo, uso kwa uso.

Sasa nije kwenye upande mgumu, maana nisipousema mtanisuta. Kura ya mapema ya Zanzibar ilipingwa vikali. Upinzani walisema ni mwanya wa watu kupiga mara mbili na wa masanduku kujazwa usiku. Mwaka 2020 usiku wa kuamkia siku hiyo risasi zililia Pemba, upinzani wakasema watu wao wameuawa, na marehemu Maalim Seif alikamatwa na polisi siku yenyewe ya kura ya mapema. Hofu yao siichukulii kama porojo. Uchaguzi wetu una kitu kimoja kizuri, kura zinahesabiwa kituoni pale pale mbele ya mawakala na matokeo yanabandikwa. Kura ya mapema inaleta swali jipya: usiku huo mmoja sanduku linalala wapi, na nani analala nalo?

Na kuna swali kubwa zaidi. Oktoba 2025 chama kikuu cha upinzani hakikuwa kwenye karatasi na kiongozi wake alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Mtandao ulizimwa siku ya kupiga kura, watu walikufa mitaani katika miji kadhaa, na waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa SADC wakasema uchaguzi haukufikia viwango vya demokrasia. Tume ikatangaza kwamba waliojitokeza ni asilimia 87. Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Wewe unalilia siku ya pili ya kupiga kura, wakati watu wamekata tamaa na ile ya kwanza?"

Nimelala na swali hilo siku nyingi. Jibu langu ni hili. Weusi wa Marekani hawakungoja nchi iwaamini ndipo wadai Jumapili yao. Walidai huku wananyimwa, wakaenda mahakamani, wakakodi mabasi, na kila walipoporwa siku moja walijua kwa tarakimu kwamba wameporwa, 14 imekuwa 8, 17 imekuwa 10. Sisi mvuvi wetu hajui hata kama amenyimwa kitu. Anadhani kosa ni lake, kwamba alihama. Mpaka ajue kuwa utaratibu unaweza kuwekwa vingine, hataudai. Halafu yule kijana wa mwaloni hayumo kwenye mjadala wowote wa kugomea au kutogomea. Mtu anagomea kura aliyo nayo. Yeye hakuwa nayo.

Kwa hiyo nasema hivi. Kama kura ya mapema itakuja Bara, isije kama ya wenye sare peke yao, maana hapo itazidi kuwa siri ya serikali na watumishi wake. Ije kwa yeyote ambaye kazi au ugonjwa utamweka mbali na kituo chake. Aombe mapema, jina lake liwekewe alama kwenye daftari la kituo cha kwao ili asipige mara mbili, na orodha ibandikwe hadharani kila mtu aisome. Kwa mtu aliye nje ya jimbo lake, ianze na kura ya rais tu, maana karatasi hiyo ni moja nchi nzima. Masanduku yafungwe kwa lakiri zenye namba, mawakala wa vyama vyote wapewe namba hizo na waruhusiwe kulala nayo. Yahesabiwe hadharani siku ya uchaguzi, pamoja na mengine. Na kwa wavuvi, mwaloni kuna viongozi wa BMU wanaojua nani kaingia na nani katoka. Tume ikitaka kujua wavuvi wako wapi, itawauliza hao kwa asubuhi moja.

Na hata kabla ya hayo yote kuna jambo lisilohitaji sheria mpya. Kabla ya kutangaza tarehe ya uchaguzi mwingine, mtu mmoja pale Tume aangalie mwezi. Ikiangukia mwezi mpevu, maelfu ya watu wa ziwa watakuwa wako makwao. Haigharimu hata senti.

Kabla sijaondoka Ukerewe nilimwonyesha yule kijana kadi yangu. Nikamwambia na mimi yangu ni ya Nyamagana, sijapiga. Alinitazama vizuri, akataka kujua kama nasema kweli, maana alidhani watu wenye vitambulisho shingoni wana utaratibu wao. Nikamwambia hatuna. Akatikisa kichwa, akaniambia, "Basi kumbe tuko mtumbwi mmoja," akarudi kugeuza dagaa wake, jua lilikuwa linakwisha.

Wadau, nanyi semeni. Oktoba 2025 kadi yako ilikuwa wapi, na wewe ulikuwa wapi?

Nawakilisha.